NGUVU YA NENO LA KARANI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa robo mwaka, nayo imepigwa chapa hapa kwa ombi la Kamati)



Bwana Katibu alipotuomba tuje kusema machache mbele yenu, alitupa ruhusa ya kuchagua neno letu wenyewe. Twajua wengi walitazamia tuseme habari za mishahara, na kweli habari hizo hazina mwisho. Lakini wenzetu wamekwisha kuzieleza katika kurasa za gazeti letu vizuri kuliko tuwezavyo sisi. Kwa hiyo tumeona tuseme juu ya kitu kimoja ambacho kila mmoja wetu anacho, mkubwa kwa mdogo, wala hakukiandikia maombi, wala hakioni katika hati yake ya mshahara. Kitu hicho ni nguvu ya neno lake mbele ya watu.

Siku hizi nguvu hii huitwa ushawishi. Neno lenyewe latutia mashaka kidogo, kwa kuwa wazee wetu waliposema kwamba fulani amemshawishi fulani, mara nyingi walikuwa na maana ya kwamba amemvuta katika jambo lisilofaa. Pengine walikuwa na sababu. Sisi leo twapenda kuuliza kama nguvu hiyo hiyo yaweza kutumiwa kwa kumfaa mtu, na ikiwa yaweza, itumiwe namna gani bila kumdhuru mwingine asiyekuwapo.

Kwanza na tuulize nguvu ya karani hutoka wapi. Haitoki katika mali, maana mali hatuna. Haitoki katika ukoo, kwa kuwa wengi wetu tunafanya kazi mbali na kwetu, mahali ambapo jina la babu zetu halijulikani. Hutoka katika mambo mawili tu: karani anajua maandiko ya ofisi yasemavyo, naye ameketi upande wa ndani wa dirisha. Mtu aliyetoka kijijini alfajiri, akapanda gari kwa nauli aliyochangiwa na jirani zake, akafika hapa saa nne na bahasha yake mkononi, humtazama karani kama mgonjwa amtazamavyo mganga. Karani akisema “keti,” ataketi. Akisema “njoo kesho,” ataondoka, ajapokuwa hana pa kulala. Mabwana, hebu lifikirini neno hili “njoo kesho.” Katika kinywa cha mtu mwingine ni neno la kawaida kabisa. Katika kinywa cha karani ni nauli ya siku ya pili, na kibarua kilichopotea, na watoto walioachwa kwa jirani. Nasi twalisema mara ngapi kwa siku moja, hata bila kuinua macho?

Nguvu hii si mpya katika nchi yetu, nayo imepata kuleta msiba mkubwa. Zamani za Wadachi, katika sehemu za pwani na za nyuma ya pwani, Serikali iliwaweka maakida. Wengi wao walikuwa watu wa pwani wenye kujua kusoma na kuandika, wakapelekwa kukaa kati ya watu wasiokuwa wa kabila lao. Bwana mkubwa alikuwa mbali, huko Kilwa au Dar es Salaam. Akida ndiye aliyekuwa karibu. Yeye ndiye aliyekusanya kodi, aliyeamua mashauri madogo, na aliyesimamia watu waende kulima pamba kwa shuruti. Malalamiko ya watu, yakipata kufika kwa Mdachi, yalipita mikononi mwake. Na amri ya Mdachi ilishuka kwa watu kwa kinywa chake. Mtu aliyesimama mahali kama pale aliweza kuwa daraja. Wengi wao wakawa mlango uliofungwa, na ufunguo wake uliuzwa.

Mwezi wa Julai 1905 watu wa Nandete katika Umatumbi waling’oa miche ya pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Viliendelea mpaka mwaka 1907, na watu wengi mno walikufa, wengine kwa risasi na wengi zaidi kwa njaa iliyofuata. Hatusemi kwamba maakida peke yao ndio waliokuwa sababu. La, sababu zilikuwa kodi, na kazi ya shuruti, na viboko, na utawala mzima wa kigeni. Lakini ni jambo la kutufikirisha sisi watu wa kalamu kwamba hasira ya wakulima iliwaelekea maakida tangu mwanzo kabisa. Mkulima wa Umatumbi hakupata kumwona mtawala wa Berlin. Alimwona mtu mweusi kama yeye, mwenye kanzu na daftari, ambaye aliweza kumsemea naye hakumsemea.

Sasa na tutaje mfano mwingine, wa mtu ambaye vyama vya namna ya chama chetu vyapaswa kumkumbuka kama mzee wao. Martin Kayamba alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma Kiungani katika shule ya misheni ya U.M.C.A., akafanya kazi ya ukarani mahali pengi, kisha akawa katika ofisi ya Serikali ya Kiingereza huko Tanga. Alijua Kiingereza barabara. Mabwana wakubwa walimsikiliza. Mtu wa namna hiyo, wakati ule, angaliweza kuishi vizuri sana kwa kuuza maneno yake kidogo kidogo, kwa huyu kuku, kwa yule mbuzi, na hakuna ambaye angalimshangaa. Lakini mwaka 1922, pale Tanga, alianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, ambamo Mwislamu na Mkristo waliketi pamoja, na watu wa makabila mbalimbali wakajifunza kusema kwa sauti moja. Kwa maneno mengine, heshima aliyokuwa nayo yeye mmoja aliigawa, ili wengine nao wapate kusikiwa, hata siku ambayo yeye mwenyewe hayupo.

Mwaka 1931 alipelekwa London pamoja na Mtemi Makwaia wa Usukumani na Bwana Francis Lwamugira wa Bukoba, watoe ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Watu wetu waliogopa kwamba muungano ule ungeipa sauti ya walowezi wa Kenya nguvu juu ya nchi nyingine, na mashahidi hawa watatu walisema wazi kwamba hawautaki. Muungano ule haukufanyika wakati huo. Sababu zilikuwa nyingi, wala hatumpi mtu mmoja sifa yote. Lakini walikwenda, wakasema waliyotumwa, wakarudi. Mwaka uliofuata habari za safari ile zilitoka katika kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichoandikwa kwa Kiswahili, ili wale waliobaki nyumbani nao wajue yaliyoonekana na yaliyotendwa huko.

Lakini tusiwe watu wa kusifu tu. Chama cha Kayamba kilikuwa chama cha wenye kalamu, nacho kilitazama zaidi mambo ya wenye kalamu. Mkulima hakuwa na kiti pale. Mwaka 1929 kilipoanzishwa African Association katika Dar es Salaam, mlango ulipanuliwa zaidi, na katika mti huo ndipo baadaye ilipochipuka TANU, tarehe 7 Julai 1954. Twaona hapa fundisho ambalo si tamu kwetu: ni rahisi sana kwa watu kama sisi kuamini kwamba tunawatumikia watu, kumbe tunatumikiana wenyewe kwa wenyewe.

Yuko na mwingine, Rashidi Kawawa, naye aliwahi kuwa mtumishi wa Serikali na kiongozi katika chama cha watumishi Waafrika. Mwaka 1953 Serikali ya wakati ule iliwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Hapo kila mtu wa kalamu alitakiwa kupima: akae na mshahara wake na neno lake liwe fupi, au aondoke na neno lake liwe huru. Kawawa, baada ya kuwa katibu mkuu wa kwanza wa Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, lililoundwa mwaka 1955, aliiacha kazi ya Serikali. Mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Wengine waliobaki ofisini hatuwalaumu. Walikuwako waliofanya kazi njema wakiwa mezani pao. Tunasema tu kwamba kuna wakati ambapo mtu hawezi kuutumia uzito wake kwa faida ya wengine na wakati uo huo kuulinda usipungue.

Na neno hilo, kwamba uzito wa mtu hupungua autumiapo vizuri, ndilo tunalotaka kulikalia leo, kwa sababu aghalabu hufundishwa kinyume chake. Tunaambiwa: wasaidie watu, nawe utakuwa mtu mkubwa. Yawezekana. Lakini hebu tuwasimulie jambo tuliloliona sisi wenyewe.

Katika ofisi moja ambayo hatutaitaja, tuliwahi kumwona mama mmoja mjane, aliyekuja kutafuta haki za marehemu mumewe, ambaye alikuwa mtumishi. Mara ya kwanza aliambiwa alete cheti cha kifo. Akaenda akakitafuta, akarudi. Akaambiwa pia panatakiwa cheti cha ndoa. Akarudi nacho. Akaambiwa, “Mama, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viko wapi?” Safari ya nne akaulizwa kama amekwisha kwenda mahakama ya mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi. Mahakamani akaulizwa muhtasari wa kikao cha ukoo, naye ukoo wa mumewe ulikuwa umetawanyika mikoa mitatu. Kikao kikafanyika, maombi yakapokewa, tangazo likabandikwa, na siku zake zikangojwa mpaka zikatimia. Alipokwisha kupata barua ya mahakama, mwaka ulikuwa umepita na zaidi, na mtoto wake wa kwanza alikuwa ameacha shule.

Sasa tazameni, Mabwana. Katika safari zile zote hakuna hata karani mmoja aliyemwambia uongo. Hakuna aliyemwomba fedha mbele yetu. Kila mmoja alimwambia kweli, ila alimwambia sehemu ya kweli, ile iliyohusu karatasi iliyokuwa mbele yake siku ile. Na katika mwaka uo huo alikuja bwana mmoja mwenye shauri kama hilo hilo, ambaye shemeji yake alikuwa akifanya kazi ndani. Shemeji alimpigia simu jioni moja, akamwambia kila kitu tangu mwanzo hata mwisho: anza na kikao cha ukoo, fanya nakala tatu, usisahau mhuri wa mtendaji, mahakamani nenda asubuhi. Bwana yule alimaliza mambo yake kwa miezi michache. Hakuruka foleni, hakutoa hongo, hakuvunja sheria yoyote. Tofauti kati yake na yule mama ilikuwa mazungumzo ya robo saa.

Katika ofisi ile alikuwako mwenzetu mmoja, kijana mpole asiyesema sana. Jambo lile lilimkera. Wengine tulidhani atamchukua yule mama na kulibeba faili lake mkononi, meza hata meza, kama tufanyavyo kwa jamaa zetu. Hakufanya hivyo. Alichukua karatasi kubwa, akaandika kwa herufi za kuonekana mambo yote yanayotakiwa kwa haki za marehemu, kwa utaratibu wake, tangu la kwanza mpaka la mwisho, akaibandika nje kando ya dirisha. Siku ya pili ilikuwa imechanwa. Akaibandika nyingine, nayo ikachanwa. Maana, Mabwana, msidhani watu wote walifurahi. Walikuwako waliozoea kupewa “soda” kwa kuyaeleza mambo hayo moja moja, na karatasi ile iliwatolea chakula kinywani. Walimwita mjuaji. Meza yake ya chai ikawa na viti vitupu.

Safari ya tatu aliipeleka karatasi kwa mkuu wa ofisi. Hapo ndipo alipoutumia uzito wake, kwa kuwa mkuu alimwamini. Akaomba karatasi ile itiwe sahihi na kupigwa mhuri. Karatasi yenye mhuri haikuchanwa. Kisha, kwa kuwa wengi wa wanaokuja hawaoni vizuri au hawajui kusoma, alikuwa akitoka nje kila asubuhi saa mbili kabla ya dirisha kufunguliwa, akaisoma kwa sauti mara moja, akajibu maswali mawili matatu, akaingia kazini.

Na matokeo yake? Watu wakaacha kumtafuta. Zamani alikuwa akisalimiwa njiani na watu asiowajua, na nyumbani kwake hapakukosa mgeni mwenye shida. Baada ya ile karatasi, watu walisoma, wakaleta vitu vyao, wakaenda zao bila kuuliza jina lake. Siku moja alituambia huku akicheka, “Jamani, nimejishusha cheo kwa mkono wangu mwenyewe.” Sisi hatukucheka sana. Tulikuwa tumekwisha kuona kwamba alilotenda yeye ni kubwa kuliko fadhila zetu zote, maana fadhila zetu kila moja ilimwacha mtu akituhitaji tena kesho.

Wengine hapa watasema, “Hayo ni ya dirishani, je, nyumbani?” Naam, nyumbani ndipo penye moto. Hakuna kati yetu ambaye hajajiwa na mzazi au ndugu, akaombwa aseme neno kwa mkubwa wake. Sisi tulijiwa na mjomba wetu, mtu tunayemheshimu sana, ambaye aliuza ng’ombe wawili ili sisi tumalize shule ya misheni. Alikuja jioni, tukamwamkia, “Shikamoo, mjomba,” akaitika, “Marahaba, mwanangu,” akakaa kitako, akanywa chai mpaka ikaisha, halafu akasema: “Nduguyo amemaliza masomo, yuko nyumbani mwaka wa pili sasa. Nimesikia ofisini kwenu pana nafasi. Wewe na mkubwa wako mnaonana kila siku. Sema neno moja tu.”

Tulimjibu kwa adabu kwamba kijana aandike maombi, nasi tutakaa naye tumsaidie kuyaandika vizuri, tutamtafutia cheti cha kuzaliwa, tutamlipia picha na nauli ya kwenda kwenye usaili, tutamfundisha namna ya kujibu maswali. Lakini neno kwa mkubwa hatutalisema.

Mjomba alinyamaza kitambo. Kisha akasema, “Ng’ombe wale sikuwauza ili nifundishwe kuandika maombi.”

Mabwana, neno hilo ni zito, na mtu asiyeliona kuwa zito tungemshuku moyo wake. Deni lile ni la kweli. Ukoo ulitusomesha kwa jasho lake, na haiwezekani tukaketi huku tukila mshahara wetu kana kwamba tuliota kama uyoga. Lakini deni ni letu sisi, nalo twapaswa kulilipa kwa mali yetu: kwa mshahara wetu, kwa usiku wetu wa kufundisha, kwa chumba chetu na chakula chetu. Kazi ile haikuwa mali yetu. Ilikuwa ya mtu fulani ambaye maombi yake yalikuwa katika rundo lile, naye mjomba wake hakuwa na mpwa ndani. Mtu huyo hana sura, hana jina, hakuja kwetu kunywa chai. Kwa hiyo ni rahisi sana kumwibia.

Tena liko jambo jingine ambalo wazee hawalioni kwa kuwa wako nje. Neno moja kwa mkubwa halibaki neno moja. Mkubwa akikutendea hisani kwa ajili ya ndugu yako, ameweka akiba kwako. Siku moja atakuita mlango ukiwa umefungwa, naye atakuomba faili fulani lisionekane kwa juma moja. Hapo utasema nini? Umekwisha kula. Twajua watu wazuri kabisa waliopotea kwa njia hii, wala hawakuanza na fedha. Walianza kwa kumwombea ndugu.

Kijana wa mjomba hakuipata kazi ile. Aliyeipata alitoka wilaya nyingine, nasi hatukuwa tumemjua kabla. Mjomba alikaa miezi saba bila kuja kwetu, hata ubatizo wa mtoto wetu hakuhudhuria. Sasa tunaamkiana, anatuuliza hali za watoto, lakini habari ile haijatajwa tena kati yetu, na hatujui kama itatajwa.

Sheria nayo imelitazama jambo hili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa, wa mwaka 2003, umetaja waziwazi tendo la mtu kuuza ushawishi wake kwa watumishi wa umma, na Sheria yetu ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, ya mwaka 2007, imelifanya kuwa kosa. Ni vizuri kulijua. Hata hivyo mjomba hakuwa akinunua kitu. Alikuwa akidai fadhila kwa njia aliyoona ni ya haki, kama watu wetu walivyofanya siku zote. Sheria haitakufundisha namna ya kumjibu mjomba wako bila kumvunjia heshima. Hilo itakubidi ulifikiri mwenyewe kabla hajafika, maana akisha kuketi umechelewa.

Neno dogo juu ya barua za sifa, kwa kuwa tumeulizwa na baadhi ya vijana. Mtu akikuomba uwe mdhamini wake katika maombi, andika uliyoyaona kwa macho yako, basi. “Nimefanya kazi naye miaka miwili, hajachelewa, hesabu zake ni safi.” Usiandike kwamba ni mtu wa pekee katika nchi nzima. Tumewahi kusikia juu ya bwana mmoja aliyemsifu kila aliyemwendea, kwa huruma tu, hata sahihi yake ikawa haina maana yoyote. Na siku alipotokea kijana aliyestahili kweli, barua yake haikumfaa kitu.

Na wale walio chini yetu, matarishi na wahudumu na vibarua, nao wanalo neno la kusikiwa. Karani anayemkopesha tarishi fedha kwa riba, kisha akamtuma sokoni kama mtoto wake, ameigeuza nguvu yake kuwa kamba. Hili halihitaji maelezo marefu. Walio hapa wanajijua.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, tunaleta shauri mbele ya mkutano. Tunapendekeza kwamba Chama kiweke meza moja nje ya jengo letu la mikutano, kila Jumamosi kuanzia saa tatu hata saa sita, na wanachama wawili wakae hapo kwa zamu. Kazi yao iwe moja: mtu akija na shida ya ofisi yoyote, aambiwe yote yanayotakiwa, tangu mwanzo hata mwisho, kwa safari moja, na aandikiwe katika karatasi ya kwenda nayo nyumbani. Kila aliyekuja aandikwe katika daftari, pamoja na aliloambiwa, ili tukikosea tuweze kusahihishwa. Faili la mtu lisichukuliwe na mwanachama kulipeleka ndani. Wala kisipokewe kitu, hata yai, hata kama kukataa kutaonekana kuwa utovu wa adabu. Tutalazimika kujifunza kukataa kwa maneno mazuri.

Tumekwisha kusikia vipingamizi viwili. Cha kwanza, kwamba wakubwa wa ofisi watadhani tunawasema vibaya. Kwa hili tunashauri Kamati iwaandikie mapema, iwaombe wao wenyewe watupe orodha za mambo yatakiwayo; atakayekataa kutoa orodha ya mambo anayowataka watu walete, tutakuwa tumejua jambo juu yake. Kipingamizi cha pili ni kizito zaidi. Wako waandishi wa barua wanaokaa chini ya mwembe karibu na mahakama na mashine zao, nao wanaishi kwa kazi hiyo. Hatutaki kuwanyang’anya riziki. Kwa hiyo meza yetu isiandike maombi wala barua za mtu. Ieleze tu, na anayetaka barua iliyopigwa chapa aende kwao kama kawaida. Tulikwenda kusema nao juma lililopita. Mmoja alikasirika. Wawili walisema kwamba nusu ya siku yao hupotea kwa kueleza mambo wasiyolipwa, na kwamba wangefurahi.

Jengo letu lina meza, lakini haina viti vya kutosha, na mvua zikianza patahitajika turubai. Karatasi ya majina iko mezani kwa Bwana Katibu. Jumamosi ya kwanza tumejiandika sisi pamoja na bibi mmoja wa masjala aliyekubali kabla hata hatujamaliza kumweleza. Kuanzia Jumamosi ya pili mistari ni mitupu.